Namna ya kuunganisha mnunuzi wa Mombasa na saplaya wa hapa hapa Pwani kabla hajaagiza kontena jengine

Ntaanza na kopo.

Nlikuwa napeleka mboga kwenye hoteli moja upande wa barabara ya Malindi, na kila nikipita mlango wa storo naona katoni za tui la nazi la kopo kutoka Thailand zimepangwa mpaka karibu ziguse feni, na hapo hapo nje barabarani malori ya nazi za Kilifi yanapita tangu alfajiri yakienda soko la Kongowea. Siku moja nikashindwa kunyamaza nikamuuliza shefu, kaka, kwani nazi zetu zimekukosea nini? Akacheka. Akanambia nazi zenu tamu kushinda hii, sikatai, lakini hili kopo halijanitia aibu hata siku moja.

Nlikuwa nadhani tatizo ni bei, ama ni ule ulimbukeni wetu wa kupenda vya ng'ambo, na wako wa hivo pia, lakini yule bwana alikuwa ananieleza jambo jengine. Ana wageni mia mbili wanataka mchuzi saa saba mchana. Kopo la leo lina uzito ule ule wa kopo la jana, linakaa miezi rafuni bila kuharibika, linakuja na invoisi, na aliyemuuzia anakubali kungoja siku sitini ndo alipwe. Mama wa nazi hana hata moja katika hayo. Ana nazi tu. Kwa hivo ukitaka hii kazi ya kukaa katikati, ya kumtoa mnunuzi kwa vitu vya nje umlete kwa vya hapa, kazi yako ni kumjazia yule mama hivo vitu vinne alivyokosa. Nyengine zote ntakazoeleza hapa chini ni matawi ya hilo.

Anza storo, usianze shambani

Kosa langu la mwanzo, na naona vijana wengi wanalirudia, ni kuanza na saplaya. Unajua binamu yako ana sabuni, shangazi ana asali, jirani anatengeneza viti, unabeba vyote unazunguka navyo mahotelini kama muuza njugu. Mnunuzi hana shida na asali yako. Ana shida na kitu fulani kinachomchelewea, ama kimempandia bei, ama analazimishwa kuchukua katoni mia na yeye anataka ishirini. Hicho ndo unatafuta.

Basi nenda kwa mtu wa storo. Meneja atakupa kadi na kikombe cha chai, mtu wa storo ndiye ajuaye kipi huisha kabla ya siku zake na nani hupigiwa simu za kelele. Muombe uangalie maboksi, tazama pale nyuma palipoandikwa nchi kilikotoka, tazama tarehe ya kuisha, tazama vumbi. Katoni yenye vumbi haikuhusu. Ile inayofunguliwa kila asubuhi ndo yako. Na kama storo huruhusiwi basi pita jalalani kwao alfajiri kabla gari la taka halijaja, wallahi sina mzaha, taka za hoteli zinasema ukweli kuliko meneja.

Siku ya kwanza niliandika kwenye daftari: tui la kopo, juisi ya embe ya pakiti, makaa ya kuchomea nyama ya kwenye mfuko wa karatasi, slipa za wageni, vikapu vya nguo chafu, sabuni ndogo za bafuni, siagi, vijiti vya meno. Vijiti vya meno niliviacha. Najua kila mtu akitaka kulalamika kuhusu bidhaa za nje huanza na vijiti vya meno, ati hata hivyo tuletewe kwa meli, lakini keti upige hesabu pakiti moja ni shilingi ngapi na wewe katikati hapo utabakia na ndururu ngapi, halafu uniambie kama utapanda tuktuk kwa ajili yake. Siagi pia niliiacha, hiyo ni ya watu wa bara, wana ng'ombe na wana viwanda vinavyojipeleka vyenyewe.

Kinachofaa ni kitu kinachonunuliwa kila wiki (si mara moja kwa mwaka), kizito ama kikubwa kiasi kwamba nauli yake ya meli inauma, na hapa Pwani kuna mtu anakitengeneza tayari hata kama ni kwa uchache. Nakuomba usianze na kitu ambacho hakuna anayekitengeneza ukidhani utamfundisha. Utafundisha mpaka utoke mvi. Na chagua kimoja. Mimi nlianza na vinne, vitatu vikafa.

Piga hesabu ya kopo mpaka linapofika rafuni

Mnunuzi anajua bei aliyolipa, mara nyingi hajui ndani yake mna nini, na wewe ukijua unaongea naye ukiwa umekaa vizuri. Bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida huangukia ushuru wa forodha wa asilimia 25, na zengine tangu Julai 2022 ziko kwenye 35. Chukua ya 25. Tuseme mzigo pamoja na meli na bima umefika kwa thamani ya shilingi 100,000. Forodha 25,000. VAT ya 16 inapigwa juu ya 125,000, hiyo ni 20,000. Ada ya tangazo la uagizaji 2.5, hiyo 2,500, na ile ya reli asilimia 2, hiyo 2,000. Jumla 49,500, na bado hujamlipa wakala wa kukliari, hujalipa lori, na kontena ikikwama bandarini siku za bure zikapita kila siku ina bei yake. VAT mwenye biashara iliyosajiliwa ataidai baadaye, sawa, lakini pesa yake imeshakaa huko.

Halafu kuna dola. Januari 2024 ilifika kama shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ule ule ikawa imeshuka karibu na 130. Mimi oda zangu nzuri za mwanzo zilikuja wakati ule wa 160, simu zilikuwa zinaingia zenyewe, nikajiona fundi kweli kweli, dola iliposhuka, nusu ya wale watu walirudi kwa muagizaji bila hata kuniaga. Kwa hivo usimwambie mnunuzi nunua kwangu kwa sababu dola imepanda, maana itashuka na wewe utashuka nayo. Mwambie bei yangu iko kwa shilingi na haitasonga kwa miezi sita, hiyo hata dola ikishuka bado ina maana kwa mtu anayepanga bajeti.

Na usijidanganye. Kuna vitu hata ukiweka hayo yote bado cha nje kinatoka rahisi, kiwanda kinachotoa milioni kwa siku hushindani nacho kwa bei. Ukikuta hivo funga daftari utafute kingine. Nshaona mtu akimbembeleza mnunuzi kwa uzalendo, mnunuzi akanunua mara moja kwa haya, basi, ikaishia hapo.

Kumtafuta mwenye mali

Kongowea ni pa kusikiliza. Nenda saa kumi na moja alfajiri malori yakishusha, simama na kahawa yako chungu, uliza hili limetoka wapi na nani alilipakia. Utajua upesi kwamba ndizi na nyanya nyingi zimetoka Taveta, mboga za baridi Wundanyi, nazi na embe Kilifi na Kwale, na vitunguu vingi vimevuka mpaka kutoka Tanzania, ambavyo ukihesabu sawasawa ni vya nje pia ingawa hakuna anayeviona hivo. Ukishapata jina la kijiji, nenda kijijini. Broka wa sokoni si adui, ana kazi yake, lakini yeye leo anachukua kwa huyu kesho kwa yule, na mnunuzi wako anataka kitu kile kile.

Kwa vitu vya mkono kuna ule ushirika wa wachongaji Wakamba pale Changamwe, upo tangu 1963, na Bombolulu, karakana za watu wenye ulemavu, tangu 1969. Hao washazoea oda za nje ya nchi, wanajua maana ya tarehe na ya sampuli. Ukiwa mgeni kwa hii kazi anza na watu kama hao ujifunze kwao, ndo baadaye uende kwa mama aliye peke yake huko Rabai. Shoo ya kilimo pale Mkomani pia usiikose, siku mbili ukizunguka mabanda utarudi na namba za simu arubaini, na kati ya hizo tano zitakuwa za kweli.

Sasa kumuuliza saplaya. Ukimuuliza unaweza kutoa ngapi atakwambia zozote utakazo. Sisi watu wa Pwani kusema hapana tunaona ni utovu wa adabu, hasa mgeni akiwa ashakaribishwa madafu, kwa hivo hilo swali usiliulize. Uliza wiki jana ulitoa ngapi. Uliza wiki ile ya mvua ulitoa ngapi. Kukiwa na msiba hapa kijijini nani anabaki kazini? Akikujibu upesi kwa namba, mtu huyo anaweka hesabu. Akianza kutazama mti, elewa. Na ukarudi mara ya pili bila kuarifu, si kwa ubaya, unataka kuona maji yanatoka wapi, mali inalala wapi usiku, na kama ile mashine uliyoonyeshwa mara ya kwanza ni yake ama ilikuwa ya kuazima.

Shubiri ya nani?

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo nlipochomeka.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 vikapu vimepata soko, na kuna duka moja la zawadi huko Diani lilikuwa likileta vya kutoka nje, vizuri, vyote sare kama maaskari. Nikawaambia hivi nawaletea vya ukili, ule msuko wa majani ya mkoma, kutoka hapa hapa Kwale, nikapeleka sampuli moja, wakaipenda, wakanipa oda ya 200, upana sentimita 30 na kimo 35. Nikaenda kwa kikundi cha kina mama, nikawasomea vipimo, wakasema inshallah hakuna shida. Siku ya kupeleka sikufungua marobota, nikayapakia vile vile. Dukani yule dada akavipanga mezani, na hapo mezani ndo nlipoona. Kimoja kirefu, kimoja kipana, kimoja kama cha mtoto. Akavikataa 63, vyengine akavichukua kwa kunihurumia.

Nikarudi kwa kina mama nimekasirika, nikauliza mlipima na nini? Bi mkubwa mmoja akanyoosha kiganja, kidole gumba mpaka cha mwisho. Shubiri. Akapima kikapu chake mbele yangu, shubiri moja na nusu, sawasawa. Wa pembeni yake naye akapima chake, shubiri moja na nusu, sawasawa. Viganja vyao sasa ndo havikuwa sawa! Nikamwambia mama, mimi nilisema sentimita 30. Akaniangalia vile mtu anamwangalia mtoto. Akasema, mwanangu, hiyo senti yenu mimi siijui, nionyeshe.

Nlienda kwa fundi seremala nikakatiwa vibao ishirini, upande mmoja urefu ni 30, upande mwengine 35, kila mama akapata chake cha kutia ndani ya kikapu anaposhona. Kibao kikiingia kwa kulazimisha, kidogo. Kikicheza, kikubwa. Oda iliyofuata duka lilirudisha vitatu tu. Tangu siku ile kila mali ninayoisimamia ina kipimo chake cha kushikwa mkononi: kwa embe ni pete mbili za waya, embe ipite kwa kubwa isipite kwa ndogo, kwa brikwiti za vifuu (makaa ya kushindiliwa) ni kipande cha paipu, kwa rangi ya miyaa, yale majani ya kusukia, ni kipande cha ukili chenye rangi yenyewe, nusu kinakaa kwa mnunuzi na nusu kwa mpikaji rangi. Karatasi ya vipimo mpe mnunuzi aweke faili. Fundi mpe kitu.

Na muulize mnunuzi hata lile asiloliandika. Linafungwaje, linafunguliwa na nani, linakaa wapi. Vikapu vikifungwa na unyevu wakati wa masika vinaota ukungu ndani ya wiki, nje huoni kitu, ukifungua harufu inakupokea. Siku hizi nawaambia mali ilale juani siku mbili kabla ya kufungwa na marobota yasiwe ya nailoni.

Makaratasi

Mnakumbuka Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa na chipsi? Nchi nzima ina viazi, wakulima Nyandarua wana viazi, na wao wanasema viazi vyao vinatoka nje na meli imechelewa. Watu walichemka mtandaoni. Lakini sikiliza sababu waliyoitoa, walisema saplaya lazima apitie taratibu za ubora za kampuni, hawawezi kuokota viazi popote. Hata ukiwakasirikia, ujue kila hoteli kubwa hapa ina kijikampuni kama hicho ndani yake, mtu mwenye faili anayeuliza hiki kimetoka wapi, nani alikipima. Faili hiyo ndo unaijaza wewe kwa niaba ya yule mama.

Kwa ufupi utahitaji hivi: PIN ya KRA (watu wa kodi), leseni ya kaunti, kama ni kikundi cheti cha usajili, kama ni chakula vyeti vya afya vya wanaoshika chakula na leseni ya mahali penyewe, na kwa bidhaa ya pakiti alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ile ya S. Ile alama ina namba chini yake, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na namba kwenda 20023, na mimi hufanya hivo kwa kila saplaya hata akiwa ni rafiki, maana kuna watu wanaichapa tu pale River Road, Nairobi. KEBS wana ofisi hapa Mombasa, nenda mwenyewe na huyo saplaya mkaulize mlolongo na ada, usipeleke kwa mtu anayesema ana mtu wake ndani.

Kubwa zaidi siku hizi ni eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa invoisi kwa mtandao. Tangu 1 Januari 2024 mfanyabiashara hawezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi kama haina invoisi ya eTIMS, kwa hivo prokyumenti, yaani mtu wa manunuzi wa hoteli, akikuuliza una eTIMS si ukorofi, bila hiyo mali yako kwake inakuwa ghali zaidi. Kwa mkulima mdogo aliye chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka kuna njia, sheria iliyobadilishwa mwisho wa 2024 inaruhusu mnunuzi kutoa invoisi kwa niaba yake. Wengi hawaijui hii. Mimi nimefungua milango miwili kwa kulijua hilo tu.

Pesa, komisheni, na kurukwa

Hoteli italipa baada ya siku 60. Mara nyengine 90. Piga hesabu kabla hujafurahia oda: mali ya shilingi 20,000 kila wiki, kwa siku 60 utakuwa ushapeleka mara nane au tisa hujaona hata shilingi, yaani karibu 180,000 ya watu iko nje na mama wa watu anataka ada ya shule Jumatatu. Biashara nyingi za hivi zinafia hapo, na si kwa ubaya wa mali.

Njia nilizojaribu ni hizi. Ya kwanza, omba siku 14 badala ya bei. Mwambie mnunuzi nakupunguzia asilimia tatu ukilipa ndani ya wiki mbili, mahoteli madogo na mikahawa ya Nyali wengi hukubali, makubwa hawakubali. Ya pili, chama. Watu kumi tulichanga pesa ya kumlipa saplaya nusu siku ile ile ya kupokea mali, nusu iliyobaki hoteli ikilipa, na chama kikapata chake kidogo. Ya tatu ni mkopo juu ya LPO, ile karatasi rasmi ya oda, Mfuko wa Wanawake na ule wa Vijana wanayo hiyo, ila ni kwa tenda za serikali na makaratasi yake yana subira yake. Lolote utakalofanya usimuahidi saplaya pesa ya hoteli kwa tarehe ya hoteli. Ongeza wiki tatu.

Komisheni iseme wazi tangu mwanzo na pande zote mbili ziijue. Mimi hutoza asilimia 8 kwa mali inayotoka kila wiki na zaidi kidogo kwa oda ya mara moja. Nlijaribu ile ya kuficha, kununua kwa bei yangu na kuuza kwa bei yangu na kumficha kila mmoja namba ya mwenzake, na mji huu mdogo, siku ya tatu walikutana msikitini.

Watakuruka, wauziane bila wewe? Watakuruka. Kuna mnunuzi mmoja nilimuunganisha na mtengeneza slipa, mwezi wa pili simu zangu zikawa hazishikwi. Miezi miwili baadaye akanipigia mwenyewe, slipa za mguu wa kushoto zimekuja zaidi ya za kulia, kwa sababu mimi nlikuwa ndiye ninayehesabu jozi godauni kabla gari haijaondoka na yeye hakujua kwamba hiyo ni kazi. Dawa ya kurukwa ni kufanya kitu ambacho wakiwa wawili peke yao hawatakifanya: kukagua, kukusanya kutoka kwa watu watano kuwa mzigo mmoja, kubeba. Weka na kijikaratasi cha makubaliano mkitie sahihi watatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo walishasema wazee.

Na kuna suala la chai. Utakutana na mtu wa prokyumenti atakayekwambia muagizaji huwa anamkumbuka. Mimi sitoi, na nimekosa oda kwa hilo, sitakudanganya kwamba Mungu alinilipa mara mbili, hapana, nilikosa tu. Lakini anayenunuliwa na wewe leo kesho atanunuliwa na mwengine, na bei yako haina pengo la kubeba mshahara wa pili wa mtu.

Siku ya kupeleka

Oda ya kwanza nenda nayo wewe mwenyewe ndani ya gari. Usitume dereva. Fika getini saa kumi na mbili na nusu, jua jina la askari wa geti la nyuma, kuwa na deliveri noti nakala tatu, pima kwa mizani yao na si yako, na usiondoke bila sahihi yenye jina linalosomeka. Sahihi isiyo na jina siku ya kudai pesa ni mchoro tu.

Upande wa kusini hesabu njia yako vizuri. Siku hizi kuna baipasi ya Dongo Kundu, mzigo kutoka Miritini kwenda Diani si lazima upite feri Likoni ukasimame juani na samaki. Kutoka Kaloleni barabara ya Mazeras ndo njia, lakini zile za ndani kabisa mvua ikinyesha pikapu haitoki, kwa hivo masika ukubaliane na saplaya mali ishuke barabara kuu siku moja kabla. Na kwa kila mali uwe na saplaya wa pili. Si wa kumtisha wa kwanza, mwambie kabisa, mama, wewe ni wa kwanza, yule wa Matuga nampa robo ya oda ili siku ukiugua tusiaibike sote wawili. Nshawahi kuona anayeambiwa hivo akashukuru, maana nayeye alikuwa hapati usingizi.

Angalia pia msimu wa wageni. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita hoteli nyingi zinalala, zengine zinafunga mabawa mazima kwa ukarabati, huo ndo wakati mzuri wa kuzungumza na watu wa prokyumenti kwa sababu wana nafasi, na wakati mbaya wa kumwambia saplaya aongeze mashine. Oda kubwa zinakuja kabla ya Julai na kabla ya Disemba.

Serikali sijaisema sana. Kuna sera ya Buy Kenya Build Kenya tangu 2017, kuna ile asilimia 30 ya tenda za serikali waliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ukiwa na kikundi kinachostahiki jisajili AGPO, mpango wenyewe wa tenda hizo, haigharimu. Ila malipo ya kaunti yana mwendo wake, usiyafanye ndo chakula cha nyumbani.

Lile kopo

Ilichukua miezi mitano. Shefu hakutaka nazi, hakutaka mtu wa kukuna jikoni kwake, alitaka tui, na alitaka kasimele, lile tui zito la kwanza, iwe na uzito ule ule kila siku. Nlipata familia moja karibu na Mtwapa wana mashine ya kukuna na ya kukamua, leseni ya afya wanayo, wakati ule walikuwa wanauza kwa wapika mahamri. Tukajaribu, nazi nne mpaka tano kwa lita moja ikitegemea ukubwa, tukaacha kuhesabu nazi tukaanza kupima nyama ya nazi kwa kilo na maji kwa lita, hapo uzito ukatulia. Wanakamua saa tisa usiku, linaingia kwenye ndoo za lita tano zenye vifuniko, ndani ya barafu, na shefu alisema likifika juu ya digrii 5 analimwaga mbele yangu. Alilimwaga mara mbili. Mara ya pili nlikuwa nimekwama kwenye foleni ya Mtwapa na kifuniko cha kuleri kilikuwa hakijakaa vizuri, lita ishirini, nlisimama nikaangalia linavyoingia sinki jeupe na povu lake. Kuleri nyengine ilinigharimu faida ya mwezi.

Sasa hivi anachukua lita 25 siku za kawaida, Ijumaa na Jumamosi 40. Kopo hajaliacha, katoni moja iko rafu ya juu kabisa ya siku nitakayokosa, na mimi nikiingia storo huitazama kabla hata sijamsalimia mtu. Juzi nimeikuta bado imefungwa na gundi yake, tarehe ya kuisha ni mwezi ujao, na shefu ananiuliza kama najua nyumba ya mayatima inayoweza kupelekewa.